Mwongozo kamili: Kuandika maelekezo ya kuinstoli Linux ambayo mtu atayamaliza bila kukupigia simu

Hapa Tanga vijana wengi wanaotengeneza kompyuta siku hizi wanaandika maelekezo ya kuinstoli Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa Kiswahili, jambo zuri kabisa, mtu anaandika usiku anarusha kwenye grupu la WhatsApp asubuhi, na kila yanapotoka mapya mi najua wiki hiyo simu yangu haipoi. Huyu kafika hatua ya tano skrini nyeusi. Yule kafuta Windows pamoja na picha za harusi ya dada yake. Ukiyasoma yale maelekezo huoni uongo hata mstari mmoja, yote ni sahihi, shida iko kwenye vile ambavyo havijaandikwa. Mwandishi kishainstoli mara hamsini, vidole vinajua vyenyewe, anaandika kwa kukumbuka, na vidole havisemi vimebonyeza nini.

Nitatumia Linux Mint 22, aina moja ya Linux, kama mfano mwanzo hadi mwisho. Ukiandikia aina nyingine kama Ubuntu au Debian, au programu ya seva, njia ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika neno

- Laptop ya majaribio isiyo na kitu cha mtu ndani. Ya used inatosha. VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta, inasaidia kupiga picha za skrini ila haitakuonyesha mambo ya BIOS (mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya Windows) ya mashine ya kweli, na watu wengi wanakwama hukohuko.
- Flash mbili, kuanzia GB 8. Moja ya kuinstolia, nyingine ya kuhamishia mafaili.
- Bando la kutosha, faili la Mint ni karibu GB 3.
- Simu yenye kamera, maana skrini ya BIOS huwezi kuipiga skrinshoti.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, karatasi, sababu mashine utakuwa umeizima.
- Mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu Linux na mwenye saa mbili za kukupa. Hiki kitu kila mtu anakiruka, halafu ndo chenye thamani kuliko vyote hapo juu.

## Hatua ya 1: Chagua msomaji mmoja, toleo moja, matokeo mamoja

Usiandike "jinsi ya kuinstoli Linux kwenye kompyuta yoyote". Ukiandika hivo kila hatua itabidi iwe na "au" tatu na msomaji hajui yeye ni "au" ya ngapi. Amua kabisa: namwandikia mwanafunzi wa chuo mwenye laptop ya Windows anayetaka kuhamia Mint moja kwa moja. Anayetaka kubaki na Windows pembeni mwandikie karatasi yake nyingine.

Juu kabisa ya ukurasa weka mistari kama hii:

*Maelekezo haya ni ya Linux Mint 22 Cinnamon.*
*Laptop iwe na RAM GB 4 na diski GB 100.*
*Ukimaliza, Windows na mafaili yako YOTE yatakuwa yamefutika.*
*Tenga saa mbili, ukiacha muda wa kupakua.*
*Yamejaribiwa tarehe ... kwenye laptop aina ya ...*

Mint yenyewe inakubali kuanzia RAM GB 2 na diski GB 20, ila mwenye GB 2 akifungua brauza na tabu tano atakulaumu wewe, hatawalaumu waliotengeneza Mint.

Utajua umefanikiwa pale mtu akisoma hiyo mistari mitano anaweza kusema "hii siyo yangu" akaacha bila kupoteza jioni yake.

## Hatua ya 2: Instoli upya, daftari pajani

Hata kama juzi umeinstoli, instoli tena. Kila unapogusa kitu, andika. Umebonyeza Enter? Andika. Umesubiri? Andika dakika ngapi, maana "subiri kidogo" kwa mtu anayeangalia mstari umeganda ni nusu saa ya mapigo ya moyo. Dirisha limetokea ukalifunga bila kulisoma? Hilo ndo la kuandika kuliko yote.

Mfano mzuri ni Rufus, ile programu ya kuandaa flash kwenye Windows. Ukibonyeza Start inatoa dirisha lenye neno ISOHybrid, la kuuliza faili liandikwe kwa namna ya ISO au ya DD, yaani njia mbili za kuliandika kwenye flash. Sisi tunabonyeza OK bila hata kuangalia. Maelekezo mengi niliyotumiwa hayakulitaja hilo dirisha hata moja, na msomaji akifika hapo anaganda, anadhani kaharibu kitu.

Fanya mara mbili. Mara ya kwanza unaandika, mara ya pili unafuata ulichoandika wewe mwenyewe neno kwa neno, bila kuongeza cha kichwani.

## Hatua ya 3: Kila hatua iwe na vipande vitatu

Fanya nini, utaona nini, usipoona ufanyeje. Ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu mzima kiwe hiki.

Hivi ndo watu wanavoandika:

*Chomeka flash, buti kwa flash, kisha instoli.*

Hapo pana hatua kama kumi zimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Sasa angalia hii:

*7. Chomeka flash. Bonyeza Shift kwenye kiibodi uishikilie, halafu kwa mausi chagua Shut down. Hii inazima Windows kabisa, maana kwa kawaida Windows inalala nusu tu.*

*8. Washa laptop, na papo hapo anza kugongagonga kitufe hiki: kama ni HP, Esc halafu F9. Kama ni Dell, F12. Kama ni Lenovo au Acer, jaribu F12.*

*Utaona: orodha fupi, kwenye mstari mmoja pana neno USB au jina la flash yako.*

*Usipoona: ikiwaka Windows kama siku zote, umechelewa, rudia hatua ya 7. Ukirudia mara tatu na laptop ni Acer, ingia BIOS kwa F2, tafuta "F12 Boot Menu", iwashe, sevu, kisha rudia.*

Ndefu? Ndiyo. Ila mtu anapita. Na uone kwamba sharti limetangulia, "kama ni HP" imekuja kabla ya kitufe. Ukiandika "bonyeza F12 kama ni Dell" mwenye HP atakuwa ameshabonyeza F12 kabla hajafika kwenye neno Dell, mtu aliyeshika laptop inayowaka hasomi sentensi mpaka mwisho.

Mengine ya hapa ni madogo madogo, nayapitisha haraka. Namba moja kitendo kimoja. Amrisha, "bonyeza", "chomeka", "subiri", achana na "mtumiaji anapaswa kuhakikisha kuwa amebonyeza", hiyo lugha ya barua ya ofisini. Sababu ipe sentensi moja fupi, kama ile ya Windows kulala nusu, maana mtu akijua sababu haruki hatua. Asiyeijua anaona unamchelewesha.

## Hatua ya 4: Onyo likae KABLA ya kitendo

Hapa naungama. Maelekezo yangu ya kwanza kabisa yalikuwa na onyo chini ya hatua: "Kumbuka, hatua ya hapo juu inafuta kila kitu." Dada mmoja wa Makorora akafuata vizuri tu, kabonyeza, kisha kasoma onyo. Ripoti yake ya field ikaenda na maji. Alinipigia simu na wala hakunigombeza, alisema tu "kaka, si ungelisema mapema?" na mimi bora angenitukana. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, sasa diski ya mtu ikiondoka leo kesho hairudi.

Kwa Mint kuna sehemu tatu za hatari, na kila moja inataka onyo lake peke yake, kwa herufi nzito, kabla ya namba ya hatua:

Flash itafutwa. Rufus inafuta kila kilichomo kwenye flash. Mwambie achomoe flash na diski nyingine zote za nje, ibaki hiyo moja, ili asichague nyingine kwa bahati mbaya.

BitLocker. Laptop nyingi zenye Windows 11 diski yake imefungwa kwa BitLocker na mwenyewe hana habari. Akigusa mambo ya Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo mashine ikiwaka) kwenye BIOS halafu akarudi Windows, inamdai ufunguo wa tarakimu 48. Mwambie autafute kwenye akaunti yake ya Microsoft na kuuandika kwenye karatasi KABLA hajagusa BIOS. Hata kama anakusudia kuifuta Windows, kuna anayeghairi katikati, na huyo ndo atakayelia.

Kufuta diski. Kwenye kiinstola cha Mint, skrini ya "Installation type" ina chaguo la "Erase disk and install Linux Mint". Baada yake kuna "Install Now", kisha dirisha la mwisho la kuuliza kama uandike mabadiliko kwenye diski. Andika wazi kabisa: mpaka kwenye hilo dirisha unaweza kurudi nyuma na hakuna kilichoguswa, ukibonyeza Continue ndo basi. Msomaji akijua mpaka uko wapi, anatulia kwenye hatua zote za kabla.

Na usijaze maonyo kila mahali. Ukiweka "MUHIMU SANA" kumi na mbili kwenye kurasa nne zote zitapitwa kama mabango ya barabarani.

## Hatua ya 5: Chagua maneno, yasibadilike

Kuna ugomvi usioisha wa kusakinisha na kuinstoli. Mi naandika kuinstoli kwa sababu fundi wa Ngamiani na mteja wake wote wanasema hivo, wewe ukipenda kusakinisha andika, ila usiandike kusakinisha ukurasa wa kwanza, kuinstoli wa pili na "kuweka" wa tatu. Msomaji mgeni anadhani ni vitu vitatu. Vivyo hivyo nenosiri, nywila na paswedi, chagua moja. Kizigeu ni neno zuri la kamusi ila sijamsikia mtu akilitamka mbele ya laptop, mi naandika patisheni na mara ya kwanza naeleza: diski ni nyumba, patisheni ni chumba.

Majina ya vitufe usiyatafsiri. Skrini ikisema Continue, andika Continue kama ilivyo, na kwa herufi hizohizo. Ukiandika bonyeza "Endelea" atalitafuta hilo neno mpaka magharibi. Ndo maana hatua ya kwanza kabisa kwenye kiinstola imwambie achague lugha ya Kiingereza, ili skrini yake na karatasi yako zifanane.

Na saa! Mashine ikiandika 20:15 ni saa mbili na robo usiku, hili liandike, maana ukimwambia tu "hakikisha saa iko sawa" kuna wanaoibadilisha iwe 2:15.

## Hatua ya 6: Amri za kukopi

Hapa ndo uchawi wote unapotokea. Unaandika amri sahihi, msomaji anakopi, inakataa, unaiangalia haina kosa. Sababu ni hizi:

Alama ya $ mwanzoni. Sisi tunaiweka kuonyesha kwamba hapa ni terminali, dirisha la kuandikia amri, msomaji anaikopi na yenyewe. Iondoe. Amri ikae mstari wake peke yake, uchi:

`sudo apt update`

Programu za kuandikia. Ukiandika kwenye Word inageuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka zinapinda. Kwa macho ni kilekile, kwa terminali ni kitu kingine. WhatsApp nayo ukiandika kitu kati ya nyota mbili inakula nyota na kukoza maandishi, kwa hiyo amri yenye nyota inafika imeng'olewa meno. Andika kwa kihariri cha maandishi matupu, Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio) inatosha kabisa, na ukilazimika kutuma WhatsApp zungushia amri zile alama tatu za ` mwanzo na mwisho.

Paswedi isiyoonekana. Ukiandika sudo, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, inaomba paswedi. Kwenye Mint ukiiandika zinatokea nyota, ila kwenye Debian na nyingine nyingi hakuna nyota wala nukta inayotokea. Huko kila mgeni anadhani kiibodi imekufa. Ukiandikia hizo, sentensi moja inaokoa simu ishirini: "Hutaona chochote ukiandika, ni kawaida, andika hivohivo kisha Enter."

Halafu dd, amri ya kunakili diski nzima. Najua inapendeza kuandaa flash kwa mstari mmoja wa dd. Usimpe mgeni. Herufi moja tu, sdb (flash, kwa mfano) ikawa sda (diski ya laptop), na imeandika juu ya diski nzima bila kuuliza. Mpe programu yenye madirisha.

Amri moja ambayo lazima iwepo ni ya kukagua faili lililopakuliwa, kwa sababu mtandao ukikatika katikati faili linaweza kuja bovu na kosa likatokea baada ya saa nzima mahali pasipohusika. Kwenye Windows msomaji afungue Command Prompt ndani ya folda yenye faili, aandike:

`certutil -hashfile linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso SHA256`

Utaona mstari wa herufi na tarakimu 64. Alinganishe na ule ulioko kwenye tovuti ya Mint. Siyo lazima asome zote, nane za mwanzo na nane za mwisho zinatosha kugundua faili bovu. Zikitofautiana, apakue upya, asiendelee.

## Hatua ya 7: Picha

Chache. Piga skrini ambazo mtu anachagua kitu, zile za Continue tu ziache. Kata picha ibaki sehemu inayohusika, punguza uzito, msomaji wako yuko kwenye bando la siku. Na picha isibebe maelezo peke yake, ikikataa kufunguka maandishi yawe yanatosha.

## Hatua ya 8: Mkalishe mtu, wewe ufunge mdomo

Mchukue yule mtu asiyejua, mpe laptop, flash na karatasi yako, kaa nyuma yake na daftari. Usiseme kitu. Akikuuliza mjibu "fanya kama karatasi inavosema", halafu andika swali lake neno kwa neno na hatua aliyokuwepo.

Ni ngumu kuliko kuinstoli kwenyewe, nakwambia. Mi nilimkalisha mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, mtu wa heshima zake, kafika kwenye lile dirisha la Rufus (nilikuwa nimelisahau na mimi) kageuka: "Mwanangu, hii ISOHybrid ni kirusi?" Nikabana meno. Dakika nne nzima mzee anasoma, anavua miwani, anaifuta, anavaa. Nilitaka kumwonyesha kwa kidole, na ningemwonyesha, lile dirisha lisingeandikwa mpaka leo.

Kila pahali kidole chake kiliposimama hewani ni kosa lako, yeye hana kosa. Usiseme "huyu mzee hajui kompyuta", ulimtafuta kwa sababu hajui. Rekebisha, kisha tafuta mtu mwingine, maana wa kwanza keshajua. Watu watatu wanatosha kuonyesha mashimo makubwa.

Utajua umefanikiwa: mtu wa tatu kamaliza, na daftari lako lina swali moja au halina kabisa.

## Hatua ya 9: Mwonyeshe kwamba amefika

Maelekezo mengi yanaishia "sasa restati, hongera". Hongera ya nini, mtu hajui kama imekubali. Kwanza mwambie kwamba Mint itamwomba achomoe flash kisha abonyeze Enter, asipochomoa anaweza kurudi mwanzo kule kule kwenye kiinstola akadhani imegoma. Kisha mpe orodha ya kukagua:

- Imewaka bila flash na imekubali paswedi yake.
- Waifai inaonekana na inaunganika.
- Sauti inatoka, kamera inawaka.
- Saa ni sawa na ya simu yake.
- Update Manager imefunguka na imemaliza kusasisha.

Kila moja iwe na "usipoona" yake. Kwa karatasi ya wale wanaobaki na Windows pembeni ongeza hili la saa: akirudi Windows anaweza kukuta saa iko nyuma saa tatu kamili. Mashine haijaharibika. Linux inahifadhi saa ya UTC (saa ya dunia) ndani ya mashine, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Tiba ni mstari mmoja kwenye terminali ya Mint:

`timedatectl set-local-rtc 1`

## Hatua ya 10: Kuyatoa na kuyatunza

Msomaji hawezi kusoma maelekezo kwenye laptop anayoinstoli. Inachekesha, ila nimeona PDF nzuri mtu kaisevu desktop, kafika hatua ya 7 kazima mashine, basi, karatasi imezimika nayo. Kwa hiyo toa namna mbili: ya simu, maandishi makubwa safu moja, na ya kuchapa A4 isiyozidi karatasi nne mtu akaitoe steshenari. Mstari wa kwanza uandike "Fungua maelekezo haya kwenye simu, au yachape."

Kwenye orodha ya matayarisho ongeza chaji: laptop iwe imechomekwa na betri imejaa, umeme ukikatika katikati ya kuandika diski hakuna Windows wala Mint. Kama betri imekufa kabisa, asubiri siku yenye umeme wa kutulia.

Faili la asili liweke pahali pa wazi kama GitHub, tovuti ya kutunzia na kurekebisha mafaili kwa pamoja, na leseni iandikwe, CC BY-SA (inayoruhusu kutumia na kurekebisha kwa kumtaja mwandishi na kwa leseni hiyohiyo) inafaa, ili kijana wa Pangani au Lushoto akirekebisha asiogope na marekebisho yake yabaki huru. Mint 22 inasaidiwa mpaka 2029, ila skrini zinabadilika kabla ya hapo, kwa hiyo kila likitoka toleo dogo rudia hatua ya 2 na ubadilishe tarehe ya juu. Ukikosa muda wa kurudia, usiguse tarehe, andika chini yake "skrini zako zinaweza kutofautiana", na lile la zamani linalozunguka kwenye magrupu waombe walifute kabla halijamfikia mtu mwingine wa Makorora.